Kompyuta inagoma kwenye UPS, ukutani inawaka: kosa liko wapi?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa mtaa wa Langoni, Amu (Lamu). Kompyuta yangu ni ya mezani, mtumba kutoka Uingereza, na pawasaplai yake (kisanduku cha ndani kinachoipa stima) ni ile ile iliyokuja nayo, imeandikwa wati 240. UPS, kile kiboksi chenye betri cha kuishikilia kompyuta stima ikikatika, ni ya VA 650 (kipimo cha uwezo wake) na ina miaka minne. Nimechomeka humo kompyuta, skrini na printa ya leza. Tangu mwezi uliopita, stima ikikatika na kurudi, nikibonyeza kitufe feni inazunguka kidogo na kusimama, UPS inalia mfululizo kisha inazima kabisa. Nikiichomeka kompyuta ukutani inawaka, lakini asubuhi hubonyeza mara nne au tano. Ikikaa kwenye stima dakika ishirini hivi, inakubali. Fundi mmoja amesema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa ninunue nyingine. Tena nikiligusa boksi la kompyuta nikiwa miguu mitupu, vidole vyaniwasha. Humo ndani mna mitihani ya shule mbili. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Nianze na la haraka: usinunue mazabodi. Katika yote uliyoniandikia sioni dalili hata moja inayoelekea huko, na naona mbili zinazoelekea kwingine. Mazabodi iliyokufa haijali kama stima imetoka ukutani au kwenye UPS, hugoma kote kuwili. Yako ikishapata stima ya ukutani na kupasha moto, inawaka na kufanya kazi kutwa.

La pili la haraka ni hiyo mitihani. Leo hii, kabla hujapima chochote, ichomeke kompyuta ukutani, ingoje hizo dakika ishirini, iwashe, kisha nakili kazi zote za watu kwenye flashi mbili. Moja ikae dukani, nyingine nyumbani. Vipimo nitakavyokueleza vinaweza kuizima kompyuta ghafla, na diski ya mtumba si mahali pa kujaribia bahati wakati karatasi za wanafunzi ziko humo peke yake.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Kwa ninavyoisoma barua yako, hapo pana magonjwa mawili yaliyokutana. Betri ya UPS imechoka, na sehemu moja ndogo ndani ya pawasaplai imeanza kukauka. Kila mmoja peke yake ungeweza kuishi nao kwa muda bila kuujua. Yameungana, na ndiyo maana dalili zako zinamchanganya hata fundi.

Kompyuta ya mezani huvuta stima kwa kishindo mara mbili. Kishindo cha kwanza ni pale unapoipa stima, hata kabla hujagusa kitufe. Ndani ya pawasaplai mna kapasita kubwa, kikopo cha kuhifadhi chaji, nene kama kidole gumba, na ikiwa tupu hujaa kwa mpigo mmoja, kama birika kavu la msikitini linapofunguliwa maji. Kwa kipande kidogo sana cha sekunde huweza kuvuta ampea makumi. Watengenezaji huweka kijiwe cha duara cha kuzuia mpigo huo: kikiwa baridi huibana stima, kikipata moto huiachia. Kwa hiyo ukizima na kuwasha papo hapo, kijiwe bado kina moto na kishindo huwa kikubwa zaidi. Ngoja walau dakika moja au mbili.

Kishindo cha pili ni pale unapobonyeza kitufe. Hapo pawasaplai yote inaamka, feni zinaanza kuzunguka, diski inaanza kukimbia, na matumizi yanaruka kutoka wati moja au mbili hadi mia na zaidi kwa mara moja.

Wewe umeniambia UPS inakufa ukibonyeza kitufe. Hukusema inakufa ukichomeka. Hilo ni neno kubwa kwangu, kwa sababu kishindo cha kwanza kimepita salama na cha pili ndicho kinachoiangusha. Watu wengi wakileta mashine hawaniambii ni wakati gani hasa ilizima, nami hulazimika kuanza upya kuuliza.

Utaniuliza: stima imesharudi, UPS yataka nini tena kwenye betri? UPS ya aina yako, stima ikiwapo, huipitisha tu kutoka ukutani kwenda kwenye kompyuta, na kazi yake ni kuchungulia volti. Ikiona zimeshuka kupita kiwango chake, hata kwa mpepeso wa jicho, huamini stima imepotea na kurukia kwenye betri ndani ya milisekunde chache. Huo ndio mlio wa "tak" unaousikia, ni rilei, swichi ya ndani inayojigeuza yenyewe. Sasa fikiria mtaa mzima wa Langoni stima inaporudi. Friji zote zinaanza kwa pamoja, volti hazijatulia. Printa yako nayo inaanza kupasha moto. Huenda na ekstensheni ina meno yaliyolegea. Hapo hapo wewe unabonyeza kitufe. Volti zinazama kidogo, UPS inarukia kwenye betri, betri haina nguvu ya kubeba, UPS inalia na kuzima kila kitu. Ukutani hakuna mchunguzi wa namna hiyo. Pawasaplai yenyewe ina akiba kwenye ile kapasita kubwa inayotosha kuivusha milisekunde kumi na kitu hata stima ikatike kabisa, kwa hiyo volti zikizama kidogo haihisi.

Kipimo cha kwanza, basi, ni cha betri, na hakihitaji mita ya kupimia volti. Ondoa kila kitu kwenye UPS. Iache ichaji usiku kucha. Asubuhi tafuta balbu ya zamani ya waya, ile ya wati 60 inayotoa joto, uifunge kwenye taa ya mezani na kuichomeka kwenye UPS. Balbu za LED hazifai kwa kipimo hiki kwani hula wati chache mno, hata betri mgonjwa itaibeba. Wala usitumie pasi au birika la stima, hivyo vinakula wati elfu moja na zaidi na vinaweza kuiua UPS nzima. Washa taa, kisha zima stima kwenye swichi ya soketi. Usichomoe plagi. Ukizima swichi unakata waya wa moto tu, ule unaoleta stima; ule wa ardhi, unaopeleka ardhini stima inayovuja, unabaki umeunganishwa. Ukichomoa plagi unaiacha UPS na kilichochomekwa humo bila ardhi kabisa huku matundu ya nyuma yana moto.

Halafu tazama saa. Betri ya VA 650 kwa kawaida ni moja ya volti 12, ampea 7 kwa saa. Ikiwa nzima, taa ya wati 60 itakaa zaidi ya dakika ishirini. Ikizima ndani ya dakika moja au mbili, betri imekwisha, hakuna la kujadili. Ikizima pale pale rilei inapolia, betri imekufa kabisa au waya wake umechomoka.

Ukitumia mita peke yake, betri mbovu itakudanganya. Nimezipima nyingi zilizoonyesha volti 12.8 juu ya meza, mtu akaapa ni mpya. Nikaunganisha balbu ya gari ya wati 21, na mbele ya macho yake namba zikawa zinateremka: 11.9, 11.2, 10.4, kisha balbu ikawa nyekundu kama kaa la mkaa. Betri yenye uzima ingebaki juu ya 12 kwa dakika kadhaa bila kutikisika. Ukienda kununua nyingine, mwombe muuzaji afanye jambo hilo hilo mbele yako, na usome tarehe iliyogongwa kwenye plastiki. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imeshazeeka kabla hujailipia.

Na miaka minne kwa Amu ni umri mkubwa. Betri hizi za risasi huhesabiwa kuishi miaka mitatu hadi mitano kwenye nyuzi 25, na kila joto linapozidi kwa nyuzi kumi hivi, maisha yake hukatika nusu. Chumba cha duka mchana, wakati wa kaskazi, kimefungwa, printa inapuliza joto, UPS iko chini ya meza imeegemea ukuta: hapo nyuzi 25 hazipo. Mimi huwaambia wateja wangu wa Malindi wahesabu miaka miwili, mitatu ikizidi. Isogeze UPS mahali penye hewa, mbali na printa na jua la mlangoni, na itakulipa.

Kubadilisha betri ni kazi unayoweza kuisimamia mwenyewe ukiwa mwangalifu. Zima UPS kwa kitufe chake, ichomoe ukutani, ondoa kila kilichochomekwa nyuma. Waya mwekundu kwenye nguzo nyekundu, mweusi kwenye nyeusi. Usiziguse nguzo mbili kwa bisibisi moja, betri ndogo hivi huweza kurusha cheche za kuunguza mkono. Ikiwa betri ya zamani imevimba na kukwama, usiilazimishe kwa kuichokonoa, mpe fundi afungue boksi lote. Na tafadhali, iliyotoka usiitupe baharini wala jaani. Ina risasi na asidi. Wanunuzi wa skrepa huchukua.

Kuna watu watakushauri uunganishe betri ya gari ili ikae muda mrefu. Nakataza. Chaja ya UPS yako ilitengenezwa kwa betri ndogo, itahangaika siku nzima kujaza kubwa. Na vyuma vya kupoza vilivyomo ndani vimepimwa kwa dakika chache za kazi, si kwa saa mbili. Nimeona UPS iliyofanyiwa hivyo, plastiki yake ya juu imeyeyuka na kuinama kama mshumaa, na ilikuwa imewekwa chini ya shubaka la mbao lenye makaratasi.

Betri mpya itaiponya UPS. Haitaponya asubuhi zako. Ile habari ya kubonyeza mara nne au tano, kisha kukubali baada ya dakika ishirini, inatokea hata ukutani, kwa hiyo UPS haina hatia hapo.

Kwanza ondoa uwezekano mmoja rahisi. Pawasaplai ikishtuka, mara nyingine hujifunga yenyewe kwa usalama, na haifunguki kwa kubonyeza kitufe hata ukibonyeza hadi kesho. Zima swichi ya nyuma ya kompyuta, au uchomoe kamba, kisha bonyeza kitufe cha mbele na kukishikilia sekunde kumi na tano ili akiba yote ikamuliwe. Ngoja dakika moja. Rudisha stima, bonyeza mara moja tu. Fanya hivyo asubuhi tatu mfululizo. Ikiwaka kila mara kwa bonyezo la kwanza, huenda tatizo lilikuwa kujifunga baada ya UPS kuzima vibaya, na betri mpya itakutosha.

Lakini sitarajii hivyo, kwa sababu ya zile dakika ishirini. Ndani ya kila pawasaplai mna sehemu ndogo isiyolala. Maadamu kamba imechomekwa na swichi ya nyuma imewashwa, yenyewe iko macho, inaipa mazabodi volti kidogo ili isikie kitufe kikibonyezwa. Ni kama bawabu wa mlangoni. Sehemu hiyo hufanya kazi mchana na usiku, na kapasita zake ndogo hukaa kwenye joto miaka yote. Maji maji yaliyomo ndani hukauka polepole. Zikikauka, volti zinazotoka huwa na mawimbi mawimbi, na mazabodi inapojaribu kuamka zinaporomoka. Ukiziacha kwenye stima zinapata joto kidogo, uwezo unarudi kwa kiasi, mashine inawaka. Kisha ikishawaka inafanya kazi vizuri kutwa, kwa hiyo mwenye mashine na hata fundi huona pawasaplai haina kosa. Ugonjwa huu nimeuona mara nyingi kuliko mwingine wowote kwenye mashine za mtumba, na mara nyingi mazabodi ndiyo iliyosingiziwa.

Kipimo chake kwa fundi mwenye mita ni chepesi. Kwenye pawasaplai ya kawaida yenye plagi ya pini 24, waya wa zambarau unapaswa kuwa na volti 5, kati ya 4.75 na 5.25, kompyuta ikiwa imezimwa lakini imechomekwa. Apime asubuhi kabla haijapata joto, na aendelee kutazama mita wakati wewe unabonyeza kitufe. Zikiteremka hadi 4 na kurudi, amemshika mwizi mkononi. Kuna na kipimo cha kuunganisha waya wa kijani na mweusi ili pawasaplai iwake nje ya kompyuta, lakini kuwaka bila mzigo hakuthibitishi kitu kikubwa. Mwambie aifungie walau diski ya zamani na feni.

Hapa pana tahadhari inayokuhusu wewe hasa. Mashine nyingi za ofisi kutoka Ulaya hazitumii pawasaplai ya kawaida. Plagi yake ni ndogo, rangi za waya ni nyingine, na baadhi hazitoi volti 5 kabisa, ni 12 peke yake. Kwa mashine kama hiyo zile rangi nilizozitaja hazina maana, na kuunganisha waya kwa kubahatisha kunaweza kweli kuiua mazabodi ambayo sasa ni nzima. Fungua ubavu wa kompyuta ikiwa imechomolewa, piga picha plagi inayoingia kwenye mazabodi na karatasi iliyobandikwa kwenye pawasaplai, kisha utafute inayofanana namba kwa namba. Bora zaidi, kama kuna jirani, shule au ofisi hapo Amu yenye mashine ya aina ile ile, azima pawasaplai yake kwa asubuhi moja. Kipimo cha kubadilishana hushinda mita zote.

Pawasaplai yenyewe usiifungue, wala usimruhusu kijana wa dukani aifungue. Stima ya ukutani ya volti 240 ikishageuzwa humo ndani huwa 340 hivi, na kwenye hizi za kisasa hupandishwa hadi karibu 400. Ile kapasita nene huihifadhi hata kamba ikiwa mkononi mwako. Fundi anayejua kuiondoa chaji yake anaweza kubadilisha kapasita ndogo zilizokauka, mradi atumie zinazostahimili joto la nyuzi 105, na utaokoa pesa. Kama huna fundi wa namna hiyo karibu, nunua nzima. Ila usinunue mtumba yenye umri sawa na yako, utakuwa umenunua ugonjwa ule ule.

Printa iondoe kwenye UPS leo, usingoje kipimo. Printa ya leza huyeyusha wino wa unga kwa joto la karibu nyuzi 200, na kila inapoanza kupasha huvuta mamia ya wati, nyingine hupita elfu moja. UPS ya VA 650 inabeba kati ya wati 300 na 400 hivi tu, kutegemea mtengenezaji. Iangalie nyuma, VA na wati huandikwa zote mbili. Kompyuta yako haina kosa hapo: wati 240 zilizoandikwa kwenye pawasaplai ni uwezo wake wa juu, sio inachokula. Mashine ya kuandika barua na mitihani hula 60 hadi 120, ongeza skrini 20 au 30. UPS inakutosha kabisa ukiipunguzia printa. Karatasi ikikatika katikati utachapa nyingine, kwa nini printa ilindwe?

Sasa kuna jambo moja ambalo pengine halikuhusu, lakini nisipolisema na likakutokea utadhani nimekudanganya. Ukiweka betri mpya, ukaondoa printa, kompyuta ikawaka vizuri, kisha stima ikakatika na kompyuta ikazima pale pale ingawa taa ya UPS bado inawaka, basi ni ugomvi wa mawimbi. Stima ya ukutani hupanda na kushuka kwa ulaini mara 50 kila sekunde, kama bahari ya kusi ikitazamwa kutoka mbali. UPS za bei nafuu zikiwa kwenye betri hutoa ngazi: zinapanda ghafla, zinakaa, zinashuka hadi sifuri, zinakaa tena. Taa haioni tofauti. Pawasaplai za Ulaya huiona, kwa sababu kanuni za huko tangu 2001 zinazitaka zivute stima kwa mpangilio unaofuata umbo la wimbi. Zikikuta ngazi, nyingine huvumilia, nyingine hushtuka na kuzima, au huvuta mpigo mkubwa hadi UPS yenyewe ikadai imelemewa.

Hili lilinifundisha kwa gharama. Mteja wangu wa Malindi, mwenye studio ya picha karibu na bahari, alikuja na malalamiko hayo hayo. Nikambadilishia betri. Ikaendelea. Nikambadilishia pawasaplai, nikamwekea nzuri zaidi, ikawa mbaya zaidi, kwa sababu hiyo nzuri ilikuwa na mahitaji makali ya wimbi. Siku ya tatu nikabeba UPS yangu ya dukani yenye wimbi laini, nikaichomeka, nikazima soketi. "Tak." Kompyuta haikutikisika. Nilimrudishia pesa ya pawasaplai. Tangu siku hiyo sibadilishi kifaa chochote kabla sijaazima kingine na kuona kwa macho. Kwako, kama itafika huko, tiba ni UPS iliyoandikwa kuwa inatoa wimbi kamili la sine, yaani wimbi laini kama la ukutani. Bei yake iko juu, kwa hiyo usiinunue kwa hofu, ngoja kipimo kikuambie.

Vidole vinavyowashwa sivyo vinavyoizuia kompyuta kuwaka, lakini kwangu mimi ndiyo habari iliyonitia wasiwasi kuliko zote. Pawasaplai zina kichujio kinachounganisha waya za stima na chuma cha boksi kwa kapasita ndogo ndogo. Waya wa ardhi ukiwa mzima, kidogo kinachovuja hapo huenda ardhini na hukisikii. Ukiwa umekatika au haukuwahi kuwekwa, boksi hukaa na nusu ya volti za ukutani, kama 120, kwa nguvu ndogo inayowasha tu. Kwa kawaida hicho kidogo hakiui. Lakini inakuambia kuwa siku waya wa moto utakapogusa boksi, hakuna kitakachokukinga. Huenda nyumba yenyewe ni ya zamani, ilitiwa stima kwa waya mbili tu bila wa ardhi, na chumvi ya bahari nayo hula viungo vya shaba mpaka vikawa na ukungu wa kijani. Mwite fundi wa nyaya mwenye leseni apime soketi: moto na ardhi iwe karibu 240, nyutro na ardhi iwe karibu sifuri. Mpaka atakapofika, vaa kandambili dukani na usiwaruhusu watoto kugusa mashine. Na ujue kuwa ile kinga ya radi na mishtuko iliyoandikwa kwenye boksi la UPS hutegemea sana waya huo huo.

Akishakuja, muonyeshe na ekstensheni. Chomoa plagi utazame meno yake. Yakiwa na weusi au kahawia ya kuungua, soketi imelegea, na hiyo peke yake inatosha kuzamisha volti kila ukibonyeza kitufe.

Stima ikikatika tena kabla hujamaliza haya yote, zima soketi zote na usiwashe inaporudi. Ngoja dakika tano mtaa utulie. Washa UPS ikiwa haina mzigo, kisha skrini, kisha kompyuta, na printa kwenye soketi yake mwisho. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma kila inapokosa stima, badilisha na ile betri ya kibonge ya mazabodi, CR2032, ni ya bei ndogo na duka la saa wanayo.

Usiifunge mashine kwenye boksi uipandishe boti ya Mokowe kuniletea Malindi bado. Fanya kipimo cha taa na asubuhi tatu za kitufe, kisha niandikie: taa ilikaa dakika ngapi, kila asubuhi ulibonyeza mara ngapi, na UPS ilipozima ililia kwa kukatakata au kwa mlio mmoja mrefu. Na unitumie ile picha ya plagi ya pawasaplai, nianze kukutafutia inayolingana huku.